Mshale wa Dakika ya Kumi na Tisa

Hadi dakika ya kumi na nane, kipindi cha sayansi cha runinga cha Jumamosi kilikuwa kinakwenda vizuri. Dakika ya kumi na tisa mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akachora mshale ubaoni, na kazi yote ya asubuhi ile ikaenda arijojo. Mliotazama mnaujua mshale ninaousema. Ulianzia kwenye kabonidayoksaidi, upande wa kushoto wa mlinganyo wa usanisinuru, ukapita juu ya maji bila kuyagusa, ukatua kwenye oksijeni upande wa kulia.

Maandalizi ya jaribio sina neno nayo. Shina la hidrila lilikatwa mshazari ndani ya maji, bikaboneti ya sodiamu ikatiwa kwa kiasi, bika la maji likawekwa kati ya taa na mmea ili joto lisichanganyike na nuru, na kila taa iliposogezwa watu walisubiri kabla ya kuanza kuhesabu viputo. Kazi safi.

Kisha msichana wa safu ya tatu akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hivyo viputo vinatoka kwenye kitu gani hasa?" Nimefuatilia vipindi vya namna hii kwa miaka mingi, na sikumbuki swali bora kuliko hilo. Hakuuliza ni hewa gani. Hilo lilishajibiwa na kijiti chenye kaa kilichowaka upya. Aliuliza asili yake. Mbele ya mmea kuna vitu viwili vyenye oksijeni ndani yake, maji na kabonidayoksaidi, na binti alitaka kujua ni kipi kilichovunjwa. Mwalimu akamjibu bila kusita: mmea unachukua kabonidayoksaidi, unabaki na kaboni, oksijeni unaitoa nje. Akachora mshale wake. Binti akashukuru, akakaa, akaandika.

Hapo ndipo mwalimu alipochemka, na alichemka vibaya. Oksijeni ya kwenye viputo vile inatoka kwenye maji. Yote. Hakuna hata kiputo kimoja cha kugawana na kabonidayoksaidi. Jambo hili lilipimwa kwa vyombo mwaka 1941, na leo tunakaribia karne moja tangu lipimwe.

Lakini nataka niende nyuma ya mshale, kwa sababu kosa halikuzaliwa dakika ya kumi na tisa. Lilizaliwa dakika mbili kabla, alipouandika mlinganyo wenyewe: molekuli sita za kabonidayoksaidi, jumlisha sita za maji, unapata glukosi moja na molekuli sita za oksijeni. Mlinganyo huo upo kwenye kila daftari, kila karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani, kila kitabu cha marudio. Kimahesabu umesawazishwa, hakuna atomi iliyopotea. Na ndiyo maana unadanganya vizuri.

Hebu uhesabu nami. Kabonidayoksaidi sita zina atomi kumi na mbili za oksijeni. Molekuli sita za oksijeni zinazotoka zina atomi kumi na mbili vilevile. Zinalingana barabara! Ukiziondoa, unabaki na kaboni sita na maji sita, na ukivijumlisha unapata glukosi kamili, haidrojeni kumi na mbili na oksijeni sita. Hata jina kabohaidreti linakusaidia kupotea, maana linakwambia kwamba hii ni kaboni iliyotiwa maji. Mwanafunzi mwenye akili, akipewa mlinganyo huo na kuachwa peke yake, ataufikia mshale uleule mwekundu. Mwalimu naye aliufikia kwa njia hiyo. Hesabu ilimpa jibu lililokaa sawa, naye akaliamini.

Upande wa maji sasa. Maji sita yana atomi sita tu za oksijeni, ilhali zinazotoka ni kumi na mbili. Kama oksijeni yote inatoka kwenye maji, maji sita hayatoshi. Yanatakiwa kumi na mawili. Mlinganyo unaosema kweli una kabonidayoksaidi sita na maji kumi na mawili kushoto, na kulia una glukosi, oksijeni sita, na maji sita mapya. Najua nitakachoambiwa, nimeambiwa mara nyingi: maji sita yako pande zote mbili, yafute, ubaki na mlinganyo mfupi. Hapana. Yale ya kulia si yale ya kushoto. Kwa hesabu ya mwisho, oksijeni iliyomo katika maji mapya ilikuja na kabonidayoksaidi. Muuza duka aliyenunua magunia kumi na mawili ya mchele wa Mbeya, akayauza yote, kisha akapokea magunia sita ya mchele wa Kilombero, hawezi kuandika kwamba ameuza sita tu kwa kuwa stoo imepungua sita. Atakayekuja kukagua hatajua mchele upi ulikwenda wapi. Na swali la binti lilikuwa hilohilo, nini kimekwenda wapi.

Mwalimu wangu wa kidato cha tatu alikuwa na chaki nyeupe moja na ubao uliopasuka, na aliandika kumi na mbili. Tulipomuuliza mbona kitabu kinasema sita, alitugeuzia mgongo, akazizungushia duara oksijeni za maji moja baada ya nyingine hadi kumi na mbili, akatuonyesha zinakotua. Hakuwa na taa ya kisasa wala kamera tatu. Sijaona kipindi cha runinga kilichomfikia.

Walioitafuta kweli hii nao hawakuwa na vifaa vya ajabu, na hapa ndipo ninapowatamani watu wa zamani. Cornelis van Niel, Mholanzi aliyefanya kazi kwenye kituo cha bahari cha Hopkins kule California, hakuanza na mmea kabisa. Alikaa na bakteria wa zambarau na wa kijani wanaoishi penye hewa ya salfa, ile inayonuka mayai viza. Bakteria hao hutumia nuru kutengeneza chakula kutokana na kabonidayoksaidi kama mimea, ila hawatoi oksijeni hata chembe. Wanatoa salfa. Mwaka 1931 van Niel aliandika hoja iliyonifanya niipende biolojia: ikiwa kiumbe kinachochukua haidrojeni kwenye haidrojeni salfaidi kinabakiza salfa, basi kinachochukua haidrojeni kwenye maji kitabakiza oksijeni. Kabonidayoksaidi iko kwa wote wawili, nayo ni ileile. Kinachobadilika ni yule anayetoa haidrojeni, na uchafu unaobaki unafuata huko. Mtu aliona bakteria wa matope na akalielewa jani la mchungwa.

Hiyo ilikuwa hoja, bado haikuwa kipimo. Kwa wengi wa wakati ule, wazo kwamba kabonidayoksaidi ndiyo inayopasuliwa lilikuwa na heshima kubwa, na wakubwa wa kemia walilishikilia. Mwaka 1937 Robin Hill wa Cambridge alisaga majani, akatenga kloroplasti, akazimulika. Kwa kuwa oksijeni ilikuwa kidogo mno, aliipima kwa hemoglobini, ambayo hubadili namna inavyonyonya nuru ikishika oksijeni. Akazipa kloroplasti chumvi ya chuma inayopokea elektroni. Oksijeni ikatoka, na hakuna sukari iliyotengenezwa wala kabonidayoksaidi iliyogeuzwa kuwa kitu. Fikirini uzito wa jambo hilo! Kama oksijeni ni mabaki ya kabonidayoksaidi iliyovunjwa kupata kaboni, inatokaje pale ambapo hakuna kaboni inayochukuliwa? Hill alizitenga kazi mbili ambazo mshale mwekundu unazichanganya: kuvunja maji kwa nguvu ya nuru, na kujenga sukari.

Kipimo chenyewe kikaja Berkeley. Samuel Ruben, Merle Randall, Martin Kamen na James Hyde walichukua mwani wa kijani wa chembe moja, klorela, wakaulisha oksijeni nzito, ile yenye uzito wa 18 badala ya 16. Haitoi mionzi, kwa hiyo waliihesabu kwa mashine ya kupima uzito wa atomi. Katika maji ya kawaida oksijeni hiyo ni kama asilimia 0.20. Wao wakatia maji yenye asilimia 0.85, huku bikaboneti ikianza na 0.20. Oksijeni iliyotoka kwa mwani ilikuwa 0.84 hadi 0.86. Wakageuza upande: maji ya kawaida, bikaboneti nzito. Oksijeni ikatoka ya kawaida. Mara zote mbili ilifuata maji.

Kuna jambo ambalo watu makini huliuliza, nami nalipenda kwa sababu halimo vitabuni mwetu. Kabonidayoksaidi na maji hubadilishana oksijeni vyenyewe vikikaa pamoja, kwa hiyo ukichelewa, alama uliyoiweka huku itahamia kule. Kundi la Berkeley lilijua. Waliifuatilia bikaboneti kila hatua, kiwango chake kikipanda polepole, huku oksijeni ya viputo ikibaki palepale penye kiwango cha maji tangu mwanzo. Huo ndio ufundi ninaoutafuta kwenye runinga yetu: mtu anajua mahali jaribio lake linapoweza kumsaliti, na anaweka mlinzi mahali hapo.

Ruben na Kamen ndio haohao waliogundua kaboni ya 14, Februari 1940. Ruben alikufa mwaka 1943 kwa gesi ya fosijini, akiwa kwenye kazi ya vita, na umri wake ulikuwa miaka 29. Kamen alifukuzwa kwenye maabara mwaka 1944 kwa shuku za kiusalama, akapigania jina lake miaka mingi. Mwaka 1961 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Melvin Calvin peke yake, kwa njia ya kaboni iliyofuatiliwa kwa kaboni ya 14 ileile, na Andrew Benson, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mikono yake, akaachwa nje. Nimeshalisema hili na nitaendelea kulisema. Anayeiita njia ile mzunguko wa Calvin pekee, mbele yangu atasahihishwa.

Tukiwa hapohapo, kipindi cha Jumamosi kilitumia tena maneno "hatua ya giza". Nimeyapigia kelele maneno haya tangu nianze kuandika safu hii. Hatua wanayoiita hivyo haingoji giza. Ujenzi wa sukari hauhitaji nuru moja kwa moja, ni kweli, lakini unaendeshwa mchana, kwa nguvu iliyotengenezwa na nuru, na vimeng'enya vyake kadhaa huzimwa jua likizama. Mtoto akiambiwa hatua ya giza, anaielewa kuwa ni kazi ya usiku. Iiteni hatua ya kujenga sukari.

Nirudi kwenye kuvunja maji, maana hapo ndipo utajiri ulipo na hapo ndipo kipindi kilipita mbio. Maji ni imara. Hukaa baharini, kisimani, kwenye mtungi, juani mchana kutwa, yasiachane na oksijeni yake. Jani linayavunja kwa nuru ya kawaida, bila moto. Mwaka 1969 Mfaransa Pierre Joliot aliweka kloroplasti gizani, kisha akazimulika kwa mimweko mifupi sana, mmoja mmoja. Mmweko wa kwanza haukutoa kitu cha kutaja. Wa pili kidogo. Wa tatu ukatoa oksijeni kwa wingi. Kisha ikapungua, ikarudi juu kwenye wa saba, ikarudi kwenye wa kumi na moja. Kila baada ya minne. Mwaka uliofuata Bessel Kok akaeleza kwa nini: mtambo unakusanya. Kila mmweko unanyang'anya elektroni moja, na mtambo unaweka akiba ya madeni hadi yafike manne, ndipo unazikamata molekuli mbili za maji na kuzilipisha zote kwa mpigo. Elektroni nne, protoni nne, molekuli moja ya oksijeni. Mwanzo gizani mitambo mingi inakuwa tayari na deni moja, ndiyo maana wa kwanza kutoa kwa wingi ni wa tatu na si wa nne.

Mtambo wenyewe ulionekana waziwazi mwaka 2011, watafiti wa Japani walipopiga picha ya fuwele yake kwa eksirei: atomi nne za manganizi na moja ya kalsiamu, zimeunganishwa na oksijeni tano, umbo lake kama kiti kilichopinda. Kitu hicho kimoja, kwenye kila jani la mhogo na kila unyasi wa bahari, ndicho kilichovitoa viputo vya Jumamosi. Ulikuwa wakati wa kamera kusogea na mwalimu kusema: tazameni, hapa maji yanapasuka. Badala yake tuliambiwa kaboni inabaki, oksijeni inatupwa.

Aliongeza pia kwamba "mmea unapumua kinyume chetu". Sentensi hiyo na mshale ni mama mmoja baba mmoja. Imejengwa juu ya wazo kwamba sisi tunaingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, basi mmea unageuza kitu hichohicho upande wa pili. Mmea unapumua kama sisi, usiku na mchana, kwa oksijeni. Na hata ukitaka kinyume cha kweli, kipo, kizuri kuliko hicho: oksijeni unayoivuta sasa hivi haigeuki kuwa kabonidayoksaidi unayoitoa. Ndani ya chembe zako inapokea elektroni na protoni, inakuwa maji. Jani linatoa oksijeni kwenye maji, mwili wako unairudisha kwenye maji. Kioo kipo, ila mwalimu alikishika kwa upande usioonyesha.

Wapo watakaosema nakuza jambo, mshale mmoja tu. Nawaomba waende shambani. Mkulima wa mahindi anayepiga dawa ya magugu ya atrazini anacheza na mtambo huu. Atrazini inakaa mahali ambapo elektroni zilizonyang'anywa kwenye maji zinapaswa kupokelewa na kupelekwa mbele. Njia ikizibwa, nuru inaendelea kupiga jani, nguvu yake haina pa kwenda, na jani linaungua kwa jua lilelile lililokuwa linalilisha. Mahindi yanapona kwa kuwa yanaivunja dawa hiyo kabla haijakaa. Afisa ugani aliyefundishwa kwamba oksijeni ni kabonidayoksaidi iliyokatwa kichwa hawezi kumweleza mkulima hayo, kwa sababu kichwani mwake hakuna elektroni zinazotoka kwenye maji. Atamwambia tu ni sumu, apige asubuhi.

Anayetaka kuona viputo bila taa, aende Paje au Jambiani wakati wa bamvua, saa tano asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na jua limekaza. Kwenye madimbwi ya nyasi za bahari kila jani limevaa shanga za fedha, na zikijaa zinapanda juu moja moja. Jan Ingenhousz aliviona viputo vya namna hiyo kwenye majani aliyoyazamisha majini karibu na London kiangazi cha mwaka 1779, akauliza kama ni kazi ya joto au ya nuru, akabaini ni nuru. Zaidi ya majaribio mia tano kwa miezi mitatu. Hakujua oksijeni inatoka kwenye nini. Kemia ya wakati wake isingemwezesha. Sisi tunajua, na tunayo runinga.

Kipindi kijacho ni Jumamosi, na bado kuna nafasi ya kumjibu yule binti. Vifaa vinapatikana. Majani ya spinachi yasagwe kwenye kinu kilichopozwa kwa barafu, ndani ya maji yenye sukari na chumvi za kutuliza asidi, yachujwe kwa kitambaa, ubaki mchuzi wa kijani. Ugawanywe kwenye neli mbili, kila moja itiwe matone ya DCPIP, rangi ya buluu inayopokea elektroni kama chumvi ya Hill. Bikaboneti isitiwe kabisa, na hilo lisemwe kwa sauti mbele ya kamera. Neli moja ifungwe kwa karatasi ya fedha, nyingine ibaki wazi mbele ya taa. Baada ya dakika chache ya gizani itakuwa buluu bado. Ya mbele ya taa itakuwa imepoteza buluu yake yote, imebaki kijani cha jani. Kisha binti wa safu ya tatu aitwe mbele, apewe kalamu nyekundu, na achore mshale yeye mwenyewe.